Theluji ya Kibo na Maji ya Pangani

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa mito ya Kilimanjaro inapata wapi maji yake, aghalabu hujibu bila kusita: theluji ya Kibo huyeyuka kwa jua kali la Ikweta, maji yake huteremka mabondeni, na hapo mito huzaliwa. Mwalimu humtilia alama ya vema, na somo huendelea. Jibu hili limo katika madaftari ya vizazi kadhaa, limo katika hotuba za sherehe za mazingira, na hata watalii hulipokea kutoka kwa wanaowaongoza mlimani. Ni jibu zuri kwa sikio, tena linaelekea kuwa la kweli, kwa kuwa kila anayesimama Moshi asubuhi hukiona kilele cheupe juu na maji yakitiririka chini. Lakini kwa sehemu kubwa si sahihi.

Yamkini itasemwa kwamba hili ni kosa dogo, la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu tu. Sivyo. Binadamu hulinda kile anachokiamini kuwa chanzo cha riziki yake, na asichokiamini hukipuuza. Taifa likiamini kwamba maji ya bonde la Pangani yanatoka kwenye barafu, litaomboleza barafu inapopungua, na wakati huohuo halitashtuka sana msitu unapowaka moto au mti mkubwa wa kafuri unapoangushwa usiku kwa msumeno. Huko ndiko hatari iliko.

Inafaa kukumbuka jinsi habari za theluji hii zilivyoanza kuenea duniani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kuelekea Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wa msafara wake hakuwa na jina la kitu kile ila alikiita baridi, na Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara la Afrika, alimkatalia katakata: theluji isingeweza kukaa karibu na Ikweta. Ubishi uliendelea hadi mwaka 1862, wakati Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda hadi kimo cha zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia. Ndipo dunia ya wasomi ikasadiki. Ajabu ni kwamba baada ya kuikana theluji ya Kibo kwa miaka kadhaa, wasomi na wasio wasomi waligeuka wakaitukuza kupita kiasi, wakaipa kazi ambayo haiifanyi.

Chanzo kimoja cha kosa hili ni vitabu. Sura za vitabu vya jiografia zinazohusu theluji na mito ziliandikwa kwanza kwa ajili ya nchi za Alps na milima mingine ya latitudo za kati. Kule theluji huanguka miezi yote ya baridi, hulundikana kama ghala, kisha huyeyuka majira ya joto wakati mvua ni haba. Mto unaozaliwa hapo kweli ni mtoto wa theluji. Katika sehemu za Andes pia, maji ya barafuto, yaani ile mito ya barafu inayotambaa polepole mlimani, husaidia sana mito wakati wa kiangazi. Mwanafunzi wa Kiafrika alisoma sura hizo, akatazama Kibo, akaona kila kitu kinalingana.

Lakini Kilimanjaro hakina majira ya baridi na majira ya joto. Kinacho masika na vuli. Theluji huanguka kileleni zaidi katika misimu hiyohiyo ambayo mvua inanyesha miteremkoni, wakati mito imekwisha kujaa. Theluji mpya nyingi hutoweka baada ya siku au majuma machache. Hakuna ghala linalojazwa Januari ili lifunguliwe Julai.

Ushahidi mwingine wanao wapagazi wa mlimani, na ni ajabu kwamba hawaulizwi. Kambi ya mwisho kwa wanaopanda kwa njia ya Machame inaitwa Barafu, nayo ipo katika kimo cha zaidi ya mita 4,600, chini tu ya viwanja vya barafu. Kambi hiyo haina maji. Maji ya kupikia na ya kunywa hubebwa begani kutoka bonde la Karanga lililo chini yake. Kwa wanaopanda kwa njia ya Marangu hali ni hiyohiyo: mahali pa mwisho pa kuteka maji pako chini ya jangwa la tambarare lililo kati ya Kibo na Mawenzi, na kibanda cha Kibo, kilicho karibu zaidi na kilele, hutegemea maji yanayobebwa kutoka huko. Kama mito ingekuwa inatoka kwenye barafu, mpagazi angepanda mikono mitupu na kuteka maji juu. Badala yake anapanda na dumu.

Je, barafu inayopungua inakwenda wapi? Hapa mwalimu wa fizikia na mwalimu wa jiografia wangefaa waingie darasani pamoja. Wastani wa jotoridi kileleni ni kama nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Hewa ni nyembamba, kavu, na upepo ni mkali, ilhali jua linawaka kwa nguvu kubwa kuliko pwani kwa sababu limepita katika hewa kidogo. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki. Inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kama nguo iliyoganda kwa baridi inavyoweza kukauka kambani bila kudondosha tone. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa maji kunahitaji kilojuli 334 hivi za nishati. Kugeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,834 hivi, yaani zaidi ya mara nane. Kwa hiyo pale ambapo hewa kavu inavuta mvuke, nishati nyingi ya jua hutumika kuondoa barafu kidogo, na kile kidogo kinachoondoka huchukuliwa na upepo. Bondeni hakifiki.

Kuyeyuka pia kupo, hasa kwenye kuta za barafu zinazosimama wima kama kuta za nyumba, zikipigwa na jua la upande mmoja kwa miezi kadhaa na la upande wa pili kwa miezi mingine. Matone huonekana hapo na vijito vidogo hutiririka adhuhuri. Vingi kati ya vijito hivyo huzama upesi katika majivu na mawe ya volkano yenye vinyweleo, na usiku huganda.

Hesabu ndogo itasaidia zaidi ya maneno. Ramani iliyotokana na safari ya Wajerumani ya mwaka 1912 ilionyesha kwamba barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 vipimo vilionyesha kilomita za mraba 1.76 tu, na tangu hapo imezidi kupungua. Na ichukuliwe hiyo 1.76. Ichukuliwe pia, kwa ukarimu, kwamba kila mwaka unene wa mita moja ya barafu unatoweka mahali pote, na kwamba wote unakuwa maji, upepo usichukue hata chembe. Kwa kuwa barafu ni nyepesi kidogo kuliko maji, yatapatikana maji ya mita za ujazo milioni 1.6 hivi kwa mwaka. Ukigawanya kwa sekunde za mwaka mzima, ni lita 50 kwa sekunde kwa mlima wote, pande zote.

Sasa utazamwe msitu. Katika miteremko ya kusini mvua huongezeka kadiri mtu anavyopanda kutoka Moshi, ambako haifiki milimita 1,000 kwa mwaka, hadi kwenye kimo cha mita 2,000 na ushei, ambako hupita milimita 2,000. Baada ya hapo hupungua tena, na kileleni inayoanguka, ikiwa theluji au mvua ya mawe, ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya msituni, au pungufu. Kilomita moja tu ya mraba ya msitu wa kusini ikipata milimita 2,000 imepokea mita za ujazo milioni 2. Hii inazidi mchango wote wa barafu uliokadiriwa hapo juu. Na msitu wa Kilimanjaro una kilomita za mraba kama 1,000. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi, basi ichukuliwe milimita 1,500 kuwa wastani wa msitu wote, na ichukuliwe kwamba robo tatu ya maji hayo hunywewa na miti au hurudi angani. Robo inayobaki bado inazidi mchango wa barafu mara 200 na zaidi. Mwanafunzi anaweza kubadilisha tarakimu hizi apendavyo, azipunguze nusu au azipunguze tena, na jibu litabaki lilelile.

Kuna maji mengine ambayo kipimamvua cha kawaida hakiyaoni. Mchana mawingu hupanda kutoka tambarare na kuufunika msitu wa juu. Ukungu huo ukipita katika matawi yaliyojaa kuvu na ndevu za miti, matone hunaswa, huungana, hudondoka ardhini. Mtu anayetembea humo siku isiyo ya mvua hulowa. Mstari wa miti ya mierika ulio juu kabisa ya msitu ndio hodari zaidi katika kazi hii. Chini ya miti hiyo kuna blanketi la majani yaliyooza na mizizi, ambalo hupokea maji haraka na kuyaachia polepole. Kwa hiyo ghala ambalo wengi wamelitafuta kileleni lipo, ila lipo chini zaidi na rangi yake ni kijani. Maji yaliyozama hapo hupita katika tabaka za lava na kuibuka mbali: katika chemchemi za tambarare, katika ziwa Chala ambalo maji yake hutoka chini ya ardhi, na ng'ambo ya mpaka katika mabwawa ya Amboseli nchini Kenya.

Wazee wa Uchagani waliochimba mifongo hawakuhitaji hesabu hizi. Mabanio ya mifongo yao hayapo kwenye barafu. Yapo katika makorongo, pale maji yanapotoka msituni, na kutoka hapo mfereji hufuata ubavu wa mlima hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Elimu hiyo ilikuwapo kabla ya Rebmann, na haikuingizwa katika vitabu kwa sababu haikuandikwa na mtu mwenye darubini.

Mwenye shaka bado na atazame ramani. Uwanja mkubwa zaidi wa barafu uliosalia upo upande wa kaskazini wa Kibo, lakini ni miteremko ya kusini, yenye mvua na msitu mnene, iliyojaa mito: Weruweru, Kikafu, Karanga, Rau. Kisha ahamishe macho hadi milima ya Uluguru. Hakuna barafu huko, wala kilele chake hakifiki mita 2,700. Hata hivyo Ruvu ya Uluguru ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Usambara vilevile hauna theluji, na mto Sigi unaotoka huko unainywesha Tanga. Milima hii hutoa maji kwa sababu inasimama mbele ya pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na ina misitu.

Haki inadai upande wa pili nao usikilizwe. Mwaka 2006 wanasayansi walikusanya sampuli 62 za barafu, mvua, chemchemi, mito na maziwa ya Kilimanjaro na kuzichunguza kwa isotopu. Walithibitisha kwamba mvua ya msituni ndiyo chanzo kikuu cha maji ya ardhini, ila wakaongeza kwamba barafu au mvua ya sehemu za juu huenda ina mchango wa maana katika baadhi ya chemchemi. Ni hoja nzito, na inataka vipimo zaidi. Lakini neno "au" lililomo humo ni muhimu: maji yaliyoanguka juu sana mwaka jana na maji yaliyoganda karne zilizopita si rahisi kutofautishwa kwa njia hiyo, na yale ya kwanza yataendelea kuanguka hata barafu ikiisha.

Vilevile isifikiriwe kwamba kupungua kwa barafu ni jambo lisilo na maana. Barafu ya Kibo ni kitabu cha hali ya hewa. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walichimba mihimili sita ya barafu na kukadiria kwamba ile ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,000 na zaidi. Kila mwaka kurasa za kitabu hicho zinapotea. Ila kuhusu sababu, mwalimu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko magazeti. Kurudi nyuma kwa barafu kulianza mwishoni mwa karne ya 19, na wataalamu wengi wanakuhusisha kwanza na ukame uliolikumba eneo lote la Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1880, wakati hata ziwa Victoria lilishuka. Theluji mpya ikikosekana, barafu ya zamani iliyochafuka hubaki wazi, na badala ya kurudisha mwanga wa jua kama kioo huunyonya. Joto la dunia na la Bahari ya Hindi limeingia katika mambo haya, kwa kuwa hubadili mvua na mawingu, lakini njia yake si ile nyepesi ya chungu mekoni. Thompson mwenyewe alitabiri mwaka 2002 kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo ilipita na mabaki ya barafu yangalipo. UNESCO ilieleza mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatazamiwa kuisha ifikapo 2050. Tarehe yoyote itakayokuwa sahihi, siku ya mwisho ya barafu haitakuwa siku ya mwisho ya mto Pangani.

Siku ya mwisho ya msitu ingekuwa jambo jingine. Mto Kikuletwa na mto Ruvu, yule wa Kilimanjaro, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji huendesha mitambo ya umeme ya bwawa hilo, ya Hale na ya Pangani, na njiani hunywesha mashamba ya mpunga, miwa na mkonge. Mkoa wa Kilimanjaro peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2022. Haya yote yananing'inia kwenye ukanda mmoja wa miti.

Na ukanda huo umeumia. Uchunguzi wa kutoka angani uliofanywa mwaka 2001 ulikuta ukataji wa kafuri na miti mingine ya asili katika sehemu nyingi za msitu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyefanya utafiti mlimani kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeteketeza sehemu kubwa ya misitu ya mierika tangu 1976 na kuushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita mahali pengi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kwa upande wa maji, hasara ya moto ni kubwa kuliko hasara ya barafu. Moto mkubwa ulizuka tena Oktoba 2020 na Oktoba 2022. Picha za moto zilitangazwa siku chache na kusahauliwa. Picha za barafu hutangazwa kila mwaka.

Hata mipaka ya hifadhi ilifuata mtazamo wa kilele. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1973 ilianzia mita 2,700 kwenda juu, yaani mwamba, majani na barafu. Msitu uliachwa nje katika daraja la hifadhi ya misitu, ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005 tu. Hatua hiyo ilikuwa njema, ingawa amri peke yake haizimi moto unaoanzishwa na mlinaasali au jiko la kambini. Kinachohitajika ni walinzi wa kutosha miezi ya kiangazi, njia za kuzuia moto, na vijiji vinavyoona faida ya msitu ulio hai. Kupanda misindano siku ya sherehe si badala yake. Shamba la miti ya mbao halinasi ukungu kama msitu wa mierika wenye kuvu na ndevu.

Kwa walimu, pa kuanzia pako karibu. Swali la mtihani lisilosema "eleza jinsi theluji inavyoanzisha mito" bali "linganisha maji yanayopokelewa na barafu na yanayopokelewa na msitu, kwa hesabu" linaweza kutungwa kesho. Shule zilizo miteremkoni zinaweza kuweka vipimamvua viwili, kimoja uwanjani na kingine karibu na ukingo wa msitu, na kuandika tarakimu kila asubuhi saa tatu kwa miaka kadhaa bila kukatisha. Vituo vya kupima mvua ndani ya msitu na juu yake ni vichache mno kwa mlima wenye ukubwa huu. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa kwenye barafu ya kaskazini mwaka 2000 na Chuo Kikuu cha Massachusetts kimewapa wanasayansi habari nyingi za kilele; msitu ulio chini yake, unaonywesha watu, unastahili angalau uangalifu kama huo.